Wimbo Uliokodishwa

Wabwile wa Malakisi alipiga litungu, ala ya nyuzi ya kwao, miaka thelathini, na hakuna sherehe ya kutahiri Bungoma ambako hakujulikana. Malipo yake yalikuwa ya papo kwa papo: ukifurahi unambandika noti kwenye paji la uso, mambo kwisha. Aliyekuwa akimwitikia ni mkewe, Nasimiyu. Lo, sauti ile! Nasimiyu alipofariki, ilibaki kwenye kaseti moja tu.

Mwaka 2009, watu wakipanda mahindi, akaja ajenti mwenye tai.

"Mzee, siku hizi wimbo hauuzwi, unakodishwa. Mtu akipigiwa simu, anayempigia anasikia wimbo wako badala ya mlio. Mwenye laini anakatwa kidogo kila wiki, na wewe unapata chako."

Kukodisha Wabwile alikujua. Shamba lake la Saboti kalikodisha mara ngapi? Mahindi yakivunwa, linarudi kwa mwenyewe. Akatia sahihi, akatoa na kaseti, hata nakala hakubakisha. Mtu mzima jamani!

Mahindi yakavunwa. Kaseti haikurudi, na namba ya ajenti ikawa haipatikani. Wabwile hakulia wala hakutukana. Aliingia ganzi tu, kama mguu uliokaliwa, ila yeye ni mwili mzima.

Akauweka wimbo kwenye laini yake mwenyewe. Lakini mwenye simu hausikii. Anayesikia ni mpigaji. Basi kila asubuhi akawa anaenda sokoni, kwenye kibanda cha simu cha Wilkista, anajipigia. Simu isiyopokelewa hailipiwi. Yake inatetemeka mfukoni mwa koti, na sikioni Nasimiyu anaitikia, nusu dakika hivi, kisha inakatika. Anasema asante, anaenda zake.

Jumatatu moja ya Desemba alijipigia akasikia krii, krii. Akarudia. Krii, krii. Akadhani salio limekwisha, akanunua kadi, akaikwangua, akauomba wimbo upya. Ujumbe ukaja hapo hapo: wimbo huo haupo tena.

Akapiga mara ya tatu. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Kwani huyu mtu hashiki?" Wilkista akamuuliza kwa huruma. "Hakuna mtu huko, baba. Si ujaribu kesho?"

"Najua hakuna mtu," Wabwile akasema, na mkono wa simu hakuutoa sikioni.