Jetoni za Chumba cha Taa

Baba yangu hakuchimba shaba hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa taa. Pale mgodini, nje kidogo ya Lubumbashi, kila mchimbaji aliyefika zamu alipita kwanza kwenye dirisha la baba, akampa jetoni, yaani kipande cha bati chenye namba, naye akapewa taa ya kofia. Jetoni ilitundikwa kwenye msumari ubaoni. Mtu akipanda kutoka chini, anarudisha taa na kuchukua jetoni yake. Msumari wenye jetoni maana yake mtu bado yuko chini, na baba hakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka misumari yote iwe mitupu. Mara ngapi tulikula bila yeye kwa ajili ya mzembe mmoja aliyechelewa kupanda!

Kampuni iliugua miaka mingi, halafu ikafa ghafla. Pampu zilizimwa, maji yakaanza kujaa chini, watu wakapandishwa wote kwa mara moja na kuambiwa waende zao. Nashukuru hakuna aliyekufa. Lakini katika fujo ile walitupa taa sakafuni wakakimbilia mabasi, na wengi hawakukumbuka jetoni. Baba alirudi kwetu Ruashi na jetoni ishirini na kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaliweka kopo chini ya kiti chake sebuleni, akakaa. Alikaa miezi saba.

Hakuwa mgonjwa. Alikula, alinyoa ndevu, aliitikia salamu. Ila hakuvuka lango la nyumba, na maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Mama alikuwa akinung'unika jikoni, "Mi niko napikia photo ya ku ukuta." Mimi, binti yake, nilitaka baba yangu arudi, basi. Na kwa kuwa sikujua namna ya kumrudisha, nilikasirikia kila kitu: mlango, sufuria, na yeye mwenyewe.

Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, na mimi nilikuwa nimesoma informatiki, yaani elimu ya kompyuta, miaka miwili tu. Chumba chetu cha mbele nilikigeuza kuwa ofisi ya kuchapa barua, nikiwa na kompyuta tatu kuukuu. Lakini nani alikuwa na barua ya kuchapa mwaka ule? Askari walikuwa wakipita barabarani kwa malori, maduka yakifungwa mchana, na watu wa mtaa wetu wakihama mmoja mmoja bila kuaga. Wazee wa kampuni walikuja ofisini kwangu kukaa tu, kwa sababu palikuwa na mabenchi.

Ndipo nikakumbuka CD moja ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, niliyopewa na mwalimu wangu. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa mapango: watu wengi, kila mmoja kwenye mashine yake, wanashuka pamoja chini ya ardhi kutafuta dhahabu na kukimbizana na majoka. Nikasema, heri wazee hawa wacheze kuliko kunitazama. Mashine mbovu kuliko zote, ile iliyopoteza kifuniko ikabaki tumbo wazi, nikaifanya seva, mashine mama ya kuwaunganisha wachezaji wote.

Nilihangaika siku tatu. Programu ililalamika inakosa hiki. Nikikileta, inakosa kile. Ilipokubali kuwaka, hakuna mashine nyingine iliyoweza kuingia. Nilitukana waya, nikamtukana na mwalimu wa watu. Kumbe mlango wa mtandao ambao mchezo ulitaka kupitia nilikuwa nimeufunga mwenyewe wiki moja kabla, siku niliyojifunza kuzuia wageni. Niliufungua kwa amri ya mstari mmoja, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mashine ya nne ilikuwa ya jirani yetu wa nyumba ya tatu, mchimbaji aliyefanya kazi na baba tangu ujana wao. Kwa malipo ya mwisho wenzake walinunua kinu cha kusaga au basi dogo. Yeye alinunua kompyuta, kwa sababu alisikia ndiyo mambo ya sasa. Mkewe aliifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka maua ya plastiki juu yake. Nilivuta waya kutoka kwetu, juu ya kuta mbili na katikati ya mlimau, mpaka dirishani kwake. Kuanzia siku hiyo mtu yule hakulala tena mchana. Tulimsikia akipiga kelele kule kwake joka likimfuata, na wazee wa kwangu wakimjibu kutoka mabenchini.

Alasiri moja nilihisi mtu nyuma yangu. Alikuwa baba. Alikuwa akitazama kioo cha seva, ambako majina ya wachezaji yalijipanga.

"Aba njo banani?" akauliza, akiyanyooshea kidole majina yale.

"Bantu benye beko ndani, Papa."

"Beko chini?"

"Ndiyo. Beko chini, mu mapango."

"Na nani iko nabahesabu?"

Nikamwambia mashine inahesabu yenyewe. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mpishi aliyesahau chumvi, akaondoka. Nilidhani yameisha. Kesho yake niliamshwa na nyundo. Alikuwa amepasua sanduku la sabuni, amepata ubao, na alikuwa akipigilia misumari kwenye ukuta wa ofisi yangu.

Tangu hapo hakuna aliyekaa mbele ya mashine, hata jirani kule kwake, bila kwanza kupita kwa baba, jetoni yake ikatundikwa msumarini, na akitoka ikarudi koponi. Alimimina kopo mezani, na bila kuuliza alijua namba ya kila mzee. "Weye, mia mbili na kumi na sita," alimwambia jirani aliyekuja kuchungulia, na jirani akasimama wima akacheka mpaka akafuta macho. Watoto wa mtaa na mimi, ambao hatukuwa na namba, alitukatia za bati la kopo la sadini. Mimi nilikuwa namba moja. Mwanzoni nilikereka, maana wateja wachache niliobaki nao walidhani tumerukwa na akili. Lakini baba alikuwa akiongea! Aliongea na wazee, alimkosoa mama juu ya chai, aliimba. Nilimfundisha amri moja tu, ile ya kuonyesha nani yumo ndani, naye aliiandika kwa kidole kimoja huku akinishinda kwa umakini.

Sheria yake ilikuwa ile ile: seva haizimwi mpaka misumari iwe mitupu. Na mimi ilinibidi kuizima saa kumi na moja kila siku kabla umeme wa zamu yetu haujakatwa, la sivyo diski ingeharibika.

Siku moja ya Jumatano, saa kumi na moja kasoro, wote walikuwa wametoka isipokuwa jirani. Jina lake lilikuwa bado kwenye kioo, limetulia. Nikanyoosha mkono nizime.

"Acha," baba akasema. "Muntu moya iko bado chini."

Nikamweleza kwamba hayupo. Mashine yake imezimika bila kuaga, na seva inamngojea tu kwa muda. Akatikisa kichwa. Nikaeleza tena, na mara hii sauti ikanipanda.

"Papa, hii ni muchezo! Hakuna muntu chini! Mugodi ulikufa, taa zilikufa, na weye unahesabu bantu ba uongo!"

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Aibu niliyoipata ningali nayo. Baba alitoa jetoni ya jirani msumarini, akaitia mfukoni, akavaa viatu. Kisha akafungua lango akatoka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba.

Nilimfuata nyuma, nikiogopa kumkaribia. Nyumba ya jirani ilikuwa wazi. Ndani hakukuwa na kiti, hakukuwa na kitanda. Waya wangu ulikuwa sakafuni, umezungushwa vizuri na kufungwa kwa uzi ili usiharibike. Mwanamke wa nyumba ya pili akatuambia wamepeleka vitu sokoni kupakia, lori la kwenda Kasenga, mpakani, linaondoka leo.

Baba alitembea. Tulipita askari wawili waliotuuliza tunakwenda wapi, na baba akajibu, "Kazini," bila kusimama. Lori tulilikuta limeshawashwa. Jirani alikuwa juu ya magunia na wanawe, ameshika kompyuta yake iliyofunikwa kitambaa. Alipomwona baba akageuza uso.

"Ulitoka bila kubeba jetoni yako," baba akamwambia.

"Yaya, mukubwa wangu, unisamehe. Sikukuya kuaga juu ya kuona haya. Ningekuambia nini?"

"Hata siku ile ya mwisho haukubeba. Miye njo nilibakia nakungojea. Miezi saba, ndugu yangu, niko nakungojea upande kutoka chini."

Jirani alimpa mkewe kompyuta akashuka. Baba akaweka jetoni kiganjani mwake na kumfunga vidole, kimoja kimoja. Watu wazima wale walishikana wakalia mbele ya soko zima, na dereva, ambaye alikuwa akipiga honi, akaacha kupiga. Mimi nililia pia. Kabla hawajaachana baba alimgonga jirani begani mara mbili, kama alivyokuwa akiwagonga wote kwenye dirisha lake.

"Sasa umepanda," akasema. "Wende nyumbani."

Njiani kurudi nilimshika mkono. "Unisamehe, Papa." Akaniita mama, kama alivyoniita nikiwa binti mdogo: "Mashine yako, mama, haiyue kuhesabu bantu," na tukacheka. Umeme ulikuwa umekatika na diski haikupona. Niliweka Linux upya, na hata sikutukana.

Wiki zilizofuata baba alizunguka Ruashi yote, kisha mitaa ya mbali, akiwatafuta wenye namba zilizobaki. Wengine walikuwa wamehama, akatuma jetoni kwa madereva. Kopo likawa tupu, mama akalichukua kuwekea chumvi.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi Lusaka. Asubuhi ya safari nilimwambia baba anipe jetoni yangu.

"Hapana," akasema, akaiacha msumarini. "Jetoni inachukuliwa na mwenye kurudi."

Seva ilikufa zamani, na ofisi sasa ni chumba cha wajukuu. Mimi nina mvi. Kila nikija nyumbani namwomba jetoni yangu kwa utani, naye hujibu vile vile, "Umekuya kutembea, haujarudi." Mwaka huu macho yake yameisha, alinitambua kwa sauti. Kabla ya kuketi naye nilipita chumba cha mbele. Ubao uko pale pale, misumari yote mitupu isipokuwa mmoja. Vumbi la Ruashi linafunika kila kitu, lakini kile kibati cha sadini kilikuwa safi, kimesuguliwa mpaka namba imeanza kufutika. Mama alisema baba hukipapasa kila jioni kabla ya kukubali kwenda kulala.

Sikukigusa. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamshika mikono, nikamwambia safari hii sirudi Lusaka.

"Basi lete jetoni yako, nikupe," akasema, na akafungua kiganja.