Ng'ombe wa Chuchu Mbili

Nina tabia ya kuingia nyumba zilizoachwa. Dada yangu mkubwa anaiita ukorofi, na sijawahi kumbishia. Kazi yangu ni kupima majengo ya shule kabla hayajakarabatiwa, na nikishamaliza shule, miguu hunipeleka yenyewe kwenye nyumba ya jirani isiyo na mlango. Sichukui kitu. Naangalia kuta tu, kwa sababu kwetu watu wakikimbia vita hubeba godoro, sufuria na mbuzi, lakini ukuta hubaki pale pale na kila kilichoandikwa juu yake.

Masisi, kwenye milima iliyo juu ya Goma, ina kuta nyingi za namna hiyo. Kwenye ofisi moja ya zamani iliyong'olewa mabati nilisoma maneno ya makaa: "Tuko wazima. Tumeshuka Sake. Mututafute kanisani." Chini yake mkono mwingine ulikuwa umejibu: "Tumesoma." Katika darasa moja watoto waliolala humo walichora helikopta ukuta mzima, na kila helikopta wakaipa macho. Kwenye vibanda vilivyofungwa kando ya barabara bado kuna picha zilizochorwa: kitana na mkasi vya kinyozi, gunzi la mahindi la mwenye mashine ya kusaga, na kiatu kimoja kikubwa cha fundi viatu. Picha hizo za vibanda ndizo nazitafuta hasa. Baadhi yake zilichorwa na baba yangu.

Baba alitoka Itebero, msituni, akaja Masisi kwa miguu na brashi zake zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Ufundi aliupata akipaka rangi kuta za kanisa. Alikuwa mtu wa taratibu hadi anaudhi. Kabla ya kuandika herufi moja alivuta uzi uliopakwa chokaa, akaupiga ukutani, akasimama mbali, akatikisa kichwa, akaupiga tena. Sijaona herufi yake iliyopinda.

Tatizo lilikuwa ng'ombe. Kwao kuna mbuzi, kuku na wanyama wa porini; ng'ombe hakuna. Masisi nayo ni nchi ya ng'ombe, na kila mwenye bucha, mwenye maziwa na mwenye jibini alitaka ng'ombe mlangoni pake. Baba aliwatazama kwa mbali wakila kilimani. Pembe alizipata, mabaka aliyapata, hata ule mkia wa kufukuza inzi. Kiwele hakukiona vizuri, nyasi zilikifunika, na aliona aibu kwenda kuchungulia chini ya mnyama wa mtu. Basi akakijazia kutoka kwa mnyama aliyemjua. Ng'ombe wa baba walikuwa na chuchu mbili, kama mbuzi.

Hakuna aliyemwambia. Wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara waliotoka Butembo, watu waliojua misumari na vitambaa, si mifugo. Wao walikagua kama herufi zimenyooka, wakaridhika. Wafugaji walicheka pembeni, kwa adabu. Watoto wao, niliokaa nao darasani, hawakuwa na adabu hiyo. Waliniuliza kila asubuhi kama baba yangu ameshakamua mbuzi zake.

Nilikuwa na miaka kumi na nilimwonea baba aibu. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimechoka kulizungusha. Jumapili moja baada ya misa nilichukua kipande cha kaa jikoni, nikaenda kwenye nyumba moja ya kutengenezea jibini, ambako ng'ombe wa baba mkubwa kuliko wote alikuwa ukutani, nikamwongezea chuchu mbili. Ya kwanza ilitoka fupi, kama kidole gumba. Ya pili mkono uliteleza kwenye jiwe lililotokeza ukutani, ikapinda kuelekea miguu ya nyuma. Sikuwa na kitu cha kufutia. Nikakimbia.

Kesho yake baba alinipeleka shule, na njia ilipita pale pale. Akasimama mbele ya ng'ombe wake. Alimwangalia muda mrefu, bila kukunja uso. Jioni, tukiwa tunakaa kula, aliangalia vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa na weusi kwenye kucha.

"Enda unawe mikono, tukule," akasema.

Hakusema lingine, siku ile wala baadaye, nami tangu hapo nilizungukia njia nyingine kwenda shule nisimwone yule ng'ombe. Baada ya wiki chache tulifunga mizigo tukarudi Itebero, safari ya siku nyingi, mama akiwa na ndizi kichwani na baba akiwa na jembe jipya. Brashi sikuziona. Kule alilima mihogo na migomba mpaka alipofariki, na mbele yangu hakuchora tena hata mstari. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini tuliondoka Masisi. Akanijibu kwamba baba alichoka na baridi. Mama alikuwa mtu wa kuficha mabaya ya wengine, kwa hiyo jibu lake halikunisaidia. Nimeishi nikiamini kwamba kaa langu ndilo lililomwondoa kwenye kazi aliyoipenda.

Hiyo ndiyo sababu, kazi iliponirudisha Masisi safari hii, nilikwenda kwanza kwenye nyumba ya jibini, hata kabla ya shule. Nilitaka kuona alimfanyia nini yule ng'ombe. Kama alimfuta, ningejua alikasirika. Kama alimwacha na makaa yangu, ningejua alikata tamaa. Sikuwa na jibu la tatu kichwani.

Nyumba ilikuwa haina watu tangu waliokuwa wakitengeneza jibini walipokimbia. Rafu za mbao zilikuwa zimechomwa kuni. Ndani kulinuka popo, na kwenye ukuta mmoja palibaki miduara ya unyevu mahali jibini zilipokuwa zikipangwa. Nilipozunguka mbele nikakuta ukuta wa kijivu, mpya, bado una alama za mwiko. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua alikuwa anakagua madirisha.

"Dada, uko unatafuta nini humu?"

"Ng'ombe, Papa," nikamjibu mzee kwa heshima. "Ilikuwa ku ukuta ya mbele."

"Ile? Iko chini ya simenti. Tulipaka juzi." Alinieleza kwamba ametoka Butembo, amenunua jengo alifanye depo ya maharagwe. "Ukuta ilikuwa inaanguka. Ilikuwa ng'ombe yako?"

"Ya baba yangu. Ni yeye njo alichora."

Alivua kofia. Alionekana kusikitika kweli, na mimi nilipata hasira ambayo hakustahili. Juzi tu. Nilikuwa Goma juzi, nikinywa chai. Nikaweka kiganja kwenye simenti, kama mtu anayepima homa ya mtoto, nikakiondoa haraka kwa sababu mzee alikuwa ananiangalia.

"Kuko ingine," akasema. "Ku njia ya soko, kile kibanda walikuwa wanauzishia maziwa. Muntu aliandika vile, maandiko imenyooka, Masisi alikuwa mumoja tu. Lakini uende sasa, ile kibanda wanatoa mbao kila siku."

Kibanda hicho sikukikumbuka kabisa. Nilipanda pikipiki, na dereva, kijana wa ukoo wa wafugaji, alinipeleka huku akinisimulia ng'ombe wao waliobaki. Kibanda kilikuwa kimefunikwa na magugu hadi kiunoni. Mlango haukuwepo, na mbao za upande mmoja zilikuwa zimeshaenda jikoni kwa watu. Upande wa pili ulikuwa mzima, mweusi kwa masizi, maana kuna waliopikia humo. Nilifuta kwa kanga yangu. Herufi zilitokea kwanza, MAZIWA SAFI, zimenyooka, na chini yake ule mstari mwembamba wa chokaa ambao baba alizoea kusahau kuufuta. Kisha pembe. Kisha mabaka.

Kisha kiwele, chenye chuchu nne.

Mbili zilikuwa zake, zile za mbuzi, zimelingana. Ya tatu ilikuwa fupi, kama kidole gumba. Ya nne ilipinda kuelekea miguu ya nyuma. Nilipitisha kidole juu yake. Zote nne zilikuwa za rangi ya mafuta, brashi ileile, mkono uleule wa taratibu, na ukuta ulikuwa wa mbao iliyopigwa randa. Hapakuwa na jiwe lolote la kumtelezesha mtu.

Hakukasirika, basi, wala hakukata tamaa. Alisimama asubuhi ile mbele ya ng'ombe wake akijifunza. Mwanawe, aliyekuwa akikaa darasani na watoto wa wafugaji, alikuwa amemwonyesha ng'ombe alivyo, na yeye akamwamini mpaka kwenye kosa. Nadhani aliondoka kweli kwa sababu ya baridi.

Dereva alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu, ameinamisha kichwa upande. Alicheka.

"Dada, angalia ile chuchu! Huyu muchoraji hakuona ng'ombe hata siku moja."

"Aliona yangu," nikamwambia.

Hakuelewa, na sikumfafanulia. Nilikuwa nalia, jambo ambalo sikuwa nimelipanga, na nilishindwa kupangusa uso kwa sababu vidole vyangu vyote vilikuwa vyeusi. Nikamuuliza kama ana maji kidogo, ninawe mikono.