Yai la Mado

Nyuma ya saa ya ukutani, katika chumba changu cha kupanga hapa Kisangani, anaishi mjusi. Kila jioni akishapata mbu wake wa kwanza hulia tik-tik-tik, kama mtu anayesikitika. Wageni wangu hawamjali. Mimi huona aibu, tena aibu ya kupata moto usoni, mwanamke mzima ninayefundisha watoto wa watu sekondari. Nitakueleza kwa nini, ila usicheke kabla sijamaliza.

Nilipokuwa na miaka kumi nilifuga mijusi kafiri, wale wa ndani ya nyumba wenye ngozi laini na macho yasiyofumba. Tulikaa karibu na maporomoko ya Wagenia, na mama alikuwa akiniambia kwamba nitaota magamba. Nilifuga pamoja na Mado, rafiki yangu wa ua wa pili, mtoto wa mvuvi. Jike alikuwa wangu, ndani ya sanduku la mbao nililolifunika kwa kipande cha chandarua, likinuka mende waliokufa. Dume alikuwa wa Mado. Alimwita Kapitene, kama yule samaki mkubwa wa mtoni, na alimfuga katika kitego kidogo cha fito alichokisuka mwenyewe na kukizungushia kitambaa, umbo lile lile la mitego mikubwa ambayo baba yake aliishusha majini.

Mkataba wetu tuliuiga kwa wenye mbuzi: ukiazima dume la mtu, mwenye dume ana haki yake katika uzao. Kapitene alikaa kwangu majuma mawili, jike akataga mayai mawili meupe, madogo kama punje za maharage, tukagawana moja moja. Kisha mvua zikapungua, jike akaacha kutaga, na Kapitene akafa. Tulimzika katika kopo la nyanya. Mado aliimba wimbo wa kanisani beti zote, na mimi nilikuwa na njaa.

Miezi michache kabla ya hapo Mado alikuwa amemzika baba yake. Baba huyo aliteleza kwenye magogo ya kufungia mitego akiikagua, maji yakamchukua. Miezi minane baada ya msiba, mama yake Mado alijifungua mvulana. Ndipo jikoni kwetu mama na tantine, dada yake, walipoanza kuhesabu kwa sauti ya chini huku wakitwanga pondu, majani ya muhogo. Si yule bwana alikuwa safarini Ubundu mwezi mzima? Si alirudi akakaa siku chache tu, akafa? Mimi nilikuwa namenya ndizi pembeni, na walidhani anayemenya ndizi hasikii. Nilijua pia lililokuwa linangojewa. Pale kwenye maporomoko, mahali pa kufunga mitego ni pa ukoo, mtoto wa kiume hupapokea kutoka kwa baba yake, na ndugu za marehemu walikuwa bado hawajasema kama yule mvulana ni wao.

Mvua ziliporudi, nilikuta mayai mawili sandukuni. Jike alikuwa peke yake tangu Kapitene atoke, na chandarua nilikifunga mwenyewe kwa fundo langu. Mado alikuja mbio, akayatazama kwa muda mrefu, akanyoosha kiganja. Nilimwambia hana haki, dume lake limekufa zamani.

"Ile mayai iko ya Kapitene," alisema taratibu. "Hakuna mwingine aliingia mule. Ni wewe ulifunga."

Nilitaka mayai yote mawili. Basi nikasema lile neno, kwa sauti, uani, wanawake wawili wa jirani wakiwa wamekaa palepale wakisukana.

"Ni kwenu tu mutu anakufaka, kisha anazala mutoto."

Mama yake Mado alikuwa amesimama kwenye lango, mtoto mgongoni, mkononi sahani ya samaki wa kukaushwa aliyokuwa akituletea kila juma. Jikoni, mchi wa mama ulinyamaza. Yule mama aliiweka sahani chini, pole pole, akaniinamia.

"Ile maneno haiko yako, mwanangu," alisema. "Nani alikufundisha?"

Nilisema hakuna. Mama alitoka, akanichapa kwa kelele nyingi ili mtaa mzima usikie jinsi alivyo mama mwenye kulea, lakini hakwenda kuomba radhi, wala mimi sikwenda. Samaki tuliwala usiku ule.

Maneno yalitembea. Ndugu za marehemu walisema hata watoto wanajua, na mahali pale pa mitego pakapewa mtoto wa kaka yao. Mayai yalipasuka, wakatoka mijusi wawili wadogo kuliko kucha yangu, na kwa muda wa siku tatu nilifikiria kumpelekea Mado mmoja. Ni hatua thelathini tu. Sikwenda. Baadaye mama yake alifunga virago, wakapanda mtumbwi, pirogi, kurudi kwa wazazi wake Yanonge, na nilisikia tu kwamba wameondoka.

Miaka mingi ilipita. Nikiwa chuoni, mwalimu wetu wa biolojia alitaja kwa kupita tu kwamba jike la mjusi huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi, msimu mbaya ukaisha, akataga tena bila kukutana na dume yeyote. Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Mado alisema kweli, na yai moja lilikuwa lake.

Lakini sikudanganyi, si mayai yanayoniumiza zaidi. Mambo ya mjusi yalihitaji mwalimu, na mtoto wa miaka kumi angeyajulia wapi? Yule mvulana alizaliwa miezi minane baada ya baba yake kufa, na mimba hukaa miezi tisa: ilianza kabla baba hajaenda Ubundu. Hilo lilihitaji vidole vya mikono tu. Jikoni kwetu tulikuwa watu watatu wenye vidole, na tulihesabu kila siku.