Shikamoo kwa Wazee wa Theluji

Wiki iliyopita, katika jumba la makumbusho hapa Washington, nilikutana na picha ya wanaume wanne waliokwenda zamani kuitafuta ncha ya kusini ya dunia, ndevu zao nyeupe pe. Niliijua picha ile. Ilikuwa kwenye kitabu nilichoazima shuleni nilipokuwa mtoto huko Annandale, mji mdogo jirani na Washington.

Alasiri ile theluji ilikuwa inaanguka. Mama alikuwa ametoka kwenye nyumba ya wazee, alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, na sasa alikuwa anakaanga vitunguu. Mikono yake bado ilinukia dawa ya kusafishia. Nilimpelekea kitabu huku machozi yananilenga.

"Mama, hawa mababu wametupwa na watoto wao kwenye theluji."

Maana ndivyo alivyozoea kusema kuhusu wazee wake: wametupwa.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu. "Umewaamkia?"

Nikainamia kitabu. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Mama akaitikia kwa niaba yao, kisha akarudia vitunguu vyake.

Pale makumbusho ndipo nilipogundua: kumbe hazikuwa mvi. Ilikuwa pumzi yao wenyewe, imegandia kwenye ndevu. Maelezo chini ya picha yalisema walikuwa vijana, wadogo kuliko kifungua mimba wangu. Chakula kiliwaishia njiani, wakafia ndani ya hema.

Nilisogea karibu na kioo cha picha. "Hamjambo, wanangu."

Nikasubiri, kama mjinga. Mama, aliyeitikia kwa niaba yao mara ile, naye ameshatangulia.