Ntumba Mbele ya Baraza

Tuliokuwepo ni mimi. Wifi yangu wa kijiji cha Kate, dada wa marehemu mume wangu. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili. Na fundi bustani kutoka Mbeya. Mwanangu mwenyewe alikuwa Kabwe kwenye biashara ya samaki. Majina yao wote ninayo, ila siyaandiki.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mwanangu alijenga Kasense nyumba ya kusimamisha wapita njia: vigae vyekundu, madirisha mapana, na mbele ya baraza nyasi za kupandwa, laini kama zulia. Wifi alikuwa amekuja kukaa nasi moja kwa moja. Hakujaliwa mtoto, na kule Kate hakubakiwa na mtu. Alikuwa anaona aibu kula bure.

Basi Jumapili moja tunatoka misa ya kwanza, tunamkuta na jembe. Nusu ya zile nyasi ameshazigeuza ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia majani ndani yaoze, juu tunapanda maharage.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimewasaidia. Mvua ndiyo hiyo inaisha, mngepanda lini?"

"Haya si majani, ni urembo."

"Urembo wa nani? Hata mbuzi hamna."

Fundi akakaa chini. Mkwe alicheka. Wifi alipoelewa aliingia ndani, akaanza kufunga nguo zake kwenye kitenge. "Atanirudisha Kate," akasema. Nami niliogopa hilo hilo.

Jioni mwanangu akafika. Alisimama getini, akatazama weee.

"Shikamoo, shangazi. Hizi ni zako?"

"Marahaba, baba. Ni zangu. Nilidhani..."

"Pale pembeni umeacha pengo. Siku hizi unazeeka." Akamgeukia fundi. "Nusu iliyobaki watoto wachezee. Hizi zizungushie maua, na njia ipite katikati."

"Bosi, wageni watasema nini?"

"Watasema tunakula. Mimi nimekuzwa na ntumba za huyu shangazi."

Wifi akafungua kile kitenge. Usiku ule aliomba aongezewe ugali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje, nami nikapumua.

Huyo fundi huenda alitoka Tunduma, si Mbeya. Kama ulikuwa mmoja wetu na unakumbuka vizuri zaidi, niambie, nitafuta niandike upya.