Mzee Telesphory na Mashine ya Majina

Mzee Telesphory wa Kasingirima, Ujiji, alikuwa mtu wa polepole kiasi cha kukera. Nasema hivyo huku nikimheshimu. Alianza maisha akitengeneza redio za wavuvi wa Katonga, zile zilizoingia maji, na nadhani huko ndiko alikojifunza kwamba kitu kilicholowa hakikauki kwa kukemewa. Kompyuta alizijia ukubwani, kwa kufungua zile zilizotupwa na mashule na kuzifunga tena mpaka zikawaka. Wateja walimwita Daktari. Mimi, mtu wa Machame niliyezoea kutembea kama nafukuzwa, nilimwita majina mengine kimoyomoyo.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2015, Warundi wanavuka kuja kwetu kila siku. Kazi yangu, kwenye kituo cha kuwapokea, ilikuwa kuandikisha watoto waliofika bila wazazi: jina kama walivyojitaja wenyewe, umri, picha, na kambi waliyopelekwa. Yote niliyaingiza kwenye kompyuta moja ya mkononi. Nakala ya pili tulisema tutaiweka, na kusema hakutuchoshi. Fomu za karatasi zilikuwa zimekwenda Dar es Salaam ndani ya masanduku.

Jumanne moja asubuhi kompyuta ile iligoma kuwaka. Kioo cheusi, mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Na mlangoni pangu alikuwa amesimama Regina, mama aliyefika jana yake. Mwanawe Gervasi, wa miaka saba, walipotezana kwenye vurugu za kupanda mtumbwi. Mtoto akavuka na watu wengine, mama akabaki ng'ambo wiki tatu. Sasa mabasi mawili yangeondoka saa nane mchana, moja la Nduta, jingine la Nyarugusu. Ukishaandikishwa kambi moja, kuhamia nyingine ni vibali juu ya vibali, miezi inapita. Regina alitaka neno moja tu kutoka kwangu: apande lipi.

Nilipiga simu kambi zote mbili. Wakanijibu kwamba wanangoja orodha kutoka kwangu. Nikampigia fundi wetu wa Dar, akasema niweke programu upya, kila kitu kianze sifuri. Nikakata simu. Nikasaini karatasi ya kumtoa Regina kituoni, tukapanda bodaboda hadi kwa Mzee, Ujiji, na kompyuta mapajani.

"Shikamoo Mzee. Tuna mpaka saa nane."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikuja kukaa, Mzee!"

Akamgeukia Regina, akamwambia "Amahoro, mama," akamvutia kigoda. Kisha akasikiliza mashine kwa sikio lake, kweli kabisa, kama mkunga.

"Moyo unadunda," alisema. "Diski ni nzima. Kilichokufa ni mfumo wa kuiwasha. Ukiweka mwingine juu yake, majina yote yanafutika. Tutaiwasha kwa mfumo unaokaa kwenye flashi, tuchungulie ndani bila kugusa kitu, tutoe faili zako, tutoke."

"Basi tuiwashe."

"Flashi yangu ya kazi hiyo nilimwazima mtu wa Mwandiga. Hajarudisha."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Ikabidi tupakue mfumo mzima kutoka mtandaoni, gigabaiti moja na ushei, kwa modemu aliyoifunga juu ya ufito ili ishike mawimbi vizuri. Nilikodolea macho ule mstari wa kijani. Asilimia kumi. Kumi na moja. Saa tano ulikuwa hamsini na nne, umeme ukakatika, nikapiga kelele. Mzee akachomeka waya kwenye betri ya gari iliyokuwa chini ya meza, upakuaji ukaendelea pale pale ulipokomea. Hakunitazama hata kidogo. Regina naye hakuwa ameinua macho. Alikuwa ameshika fulana ndogo ya mtoto, anaikunja, anaikunjua.

Saa sita na dakika ishirini mstari ukajaa. Nikasimama. Mzee akasema bado, kwanza tuhakiki. Kumbe faili likipungua chembe moja njiani, linaweza kukugomea mbele ya safari. Akatoa kutoka kwenye faili mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi, akaanza kuulinganisha na ule ulioandikwa kwenye tovuti, akisoma kwa sauti, kidole kwenye kioo. Tatu. Efu. Sifuri. Tisa.

"Mzee, utatumaliza!"

"Haraka haraka, mwanangu…"

"Haina baraka, najua, tumeimbishwa tangu darasa la kwanza!"

Akacheka, akaanza upya mwanzoni, kwa sababu nilikuwa nimempotezea mahali. Nilijuta kuwa na mdomo.

Herufi zilifanana zote. Akachukua flashi yangu ya ofisini, akaandika mfumo juu yake, akahakiki tena, akatikisa kichwa. Flashi ilikuwa feki. Kwenye ganda imeandikwa gigabaiti nane, ndani hazifiki hata moja. Ikishajaa inapokea data na kuitupa. Ningekuwa na haraka zangu peke yangu, tungeichomeka hivyo hivyo na kulaumu mashine. Akatuma kwa Hamdani, muuza nyimbo wa jirani, akapata nyingine. Akaandika, akahakiki. Saa saba na nusu.

Akaichomeka kwenye kompyuta yangu, akaiwasha huku akigonga kitufe kimoja mfululizo. Kioo kikaleta chaguo mbili: kujaribu bila kusakinisha, au kusakinisha. Ya pili ingefuta kila kitu. Mkono wangu ulikuwa karibu na kibodi, Mzee akausogeza pembeni kwa kiwiko, kwa adabu, kama unavyomsogeza kuku mezani. Akabonyeza ya kwanza.

Ikawaka. Folda zangu zikatokea, moja moja, na nilitaka kulia. Akazinakili kwanza kwenye kompyuta yake. Nikafungua orodha, nikaandika jina la mtoto na la baba yake kama nilivyoambiwa na Regina: Gervasi Ndikumana. Akatokea mmoja. Mvulana, miaka saba. Nduta.

"Nduta!" Nilimshika Regina mkono. "Mama, Nduta! Twende, bodaboda iko nje!"

"Na picha?" akauliza Mzee.

"Jina lipo, umri upo, Mzee. Dakika ishirini!"

"Afungue picha amwone mtoto."

Picha zilichukua muda kufunguka, ndiyo maana mimi sikuwa na mazoea ya kuzifungua, na foleni yangu ilivyokuwa ndefu. Ikashuka polepole: paji la uso, macho, kidevu. Regina aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo.

"Si we," alisema. Si yeye.

Nikaketi. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Mzee akamuuliza kwa Kirundi, taratibu, "Umwana wawe yitwa nde?" Mwanao anaitwa nani? Regina akajibu: Gervasi Nsavyimana.

"Mbona uliniambia Ndikumana?" nilifoka, aibu tupu, kumfokea mama wa watu.

"Ulimuuliza jina la baba," Mzee alisema. "Baba ndiye Ndikumana. Mrundi hampi mtoto jina lake, kila mtoto ana la kwake peke yake. Hata sisi Waha wa zamani. Mimi ni Telesphory Ntahondi, baba yangu Bikolwa. Kwenu Machame mtoto anavaa jina la baba. Hapa ukimtafuta kwa baba, unamtafuta mtu mwingine."

Akaandika Nsavyimana. Gervasi, miaka saba. Picha ikashuka, na safari hii haikufika kidevuni. Regina alikuwa ameshaweka kiganja kwenye kioo na kuanza kulia kwa sauti. Nyarugusu.

Nilimpakia bodaboda na karatasi yenye namba ya mtoto, nikapiga simu kituoni mara tatu wasiliache basi liondoke. Saa nane na dakika sita wakanipigia: amepanda, la Nyarugusu, amekaa kiti cha mbele.

Mzee Telesphory akanyoosha mkono azime mashine.

"Usizime," nilisema.

Nilitoa daftari langu mkobani. Tangu Oktoba nilikuwa nimeandika humo akina mama niliowatafutia watoto kwa jina la baba na kuwaambia, kwa sauti ya upole niliyojivunia, pole mama, mwanao hayumo. Walikuwa kumi na wanane. Kila mmoja nilimpandisha basi lililokuwa na nafasi. Wengine niliwaambia yumo, kwa jina tu, bila picha, na hao sikuwa nimewahesabu hata kidogo.

Mzee alilitazama daftari, akalivuta kwake, akaweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Huyu mtoto wake anaitwaje, jina lake mwenyewe, si la baba?" aliuliza.

Sikujua. Sikuwa nimemuuliza.