Nepi Zimerudi, Blanketi Je?

Niseme ukweli tangu mwanzo: mtu aliyeniibia nepi nilitaka aumie. Si aonywe, si akalishwe chini aelezwe kosa lake. Aumie, na mtaa mzima ujue ni kwa nini.

Ulikuwa ule mwaka tuliokula ugali wa mahindi ya njano ya msaada. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na cheti cha kidato cha nne kilichokuwa kikiliwa na mende sandukuni, na binti wa miezi minane aliyekuwa akiota meno na kuharisha mchana kutwa. Mume wangu alifanya kazi ya chumvi Gongoni. Alikuwa akija Jumamosi adhuhuri, nyayo zimepasukapasuka, na kurudi Jumapili jioni. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu na mtoto katika chumba cha kupanga hapa Malindi, nyumba ya vyumba vinne, ua mmoja, kamba moja ya kuanikia. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiislamu, asili yake visiwa vya kaskazini. Sisi ni watu wa bara, wa kanisani; baba alishuka pwani kutafuta kazi za mkonge, nami nikazaliwa huku, kisha wazazi wakaenda kulima Kakuyuni.

Alhamisi hiyo nilifua, nikaanika, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda foleni ya bomba. Niliporudi kamba ilikuwa tupu. Nepi nane, gauni moja la mtoto, kanga moja. Vibanio vilikuwa vimepangwa chini ya ukuta, kimoja kando ya kingine, kama mtu amepata nafasi ya kutosha. Hivyo vibanio ndivyo vilivyonitia wazimu. Ningepiga ukuta kwa kichwa.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa chumba cha mwisho, muuza viazi karai, mtu wa maneno makali na roho nyeupe.

"Akatwe mkono!" akasema kabla hajajua kilichoibwa. "Nini kimekwenda? Nepi? Basi avishwe hizo nepi shingoni, apakwe masizi, tumzungushe mtaa huu tukimpigia madebe. Leo nepi, kesho ataingia ndani achukue mtoto mwenyewe!"

Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Hakuinua uso. "Nepi huibwa na nani?"

"Na mwizi," nikamjibu.

"Mwizi gani avaaye nepi? Mwanangu, fikiri. Aliyezichukua ana mtoto uchi."

"Na wangu je, ana manyoya?"

Muuza viazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Kabla ya kupiga kelele zile nilikuwa nimekimbia kituoni, na askari aliyekuwapo ameniuliza kama nepi zangu zina nambari. Kwa hiyo nikasema, palepale uani, kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili: "Nitamsomea halbadiri."

Nazi ilinyamaza. Kila mtu wa pwani anajua, Mwislamu na Mkristo: mwalimu anakaa na kitabu na ubani, anasoma majina ya watu wale wa zamani, na mwizi huko aliko anavimba tumbo, au anapagawa, au anakufa. Hata watu wa kanisani wanaokemea uganga Jumapili huenda kwa mwalimu Jumatatu kama kuku wao wameibwa. Nilishaona.

"Hujui unachokiomba," akasema mama mwenye nyumba.

"Najua vizuri."

"Hujui. Atavimba mama, na atakayelia njaa ni yule mtoto uchi. Utakuwa umemwadhibu nani?"

"Angefikiri kabla ya kugusa kamba yangu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mwanamke mwenye hasira tu. Lakini Jumamosi mume wangu akaja, mvua ya masika ikiwa imempiga njia nzima, akavua shati akasema: "Mama mtoto, nipe lile blanketi."

Blanketi halikuwepo. Jumatatu ya wiki ileile mama yangu alikuja kutoka Kakuyuni akikohoa kifua kizima, nyumba yake inavuja, nami nikalikunja lile blanketi zito la kijivu lenye mistari myekundu nikalitia kikapuni mwake. Mume wangu alikuwa amelinunua kwa Jumapili nne alizofanya kazi badala ya kuja nyumbani. Na alikuwa amekwisha kunionya, kwa sababu ya redio ndogo na sufuria vilivyotangulia: "Kila kitu cha nyumba hii kina miguu ya kwenda Kakuyuni. Siku kitu kikitoka tena bila mimi kujua, na wewe utakifuata." Si mtu wa kupiga. Ni mtu wa kusema jambo mara moja na kulitenda.

Nikasikia mdomo wangu ukisema: "Si nimekwambia wameanua kila kitu?"

"Hata blanketi?"

"Hata blanketi. Nilikuwa nimelianika."

Uongo ulitoka laini, wala haukunikwama popote. Mwizi alikuwepo tayari. Nilimwongezea mzigo tu. Mume wangu alivaa tena shati lile bichi akaenda moja kwa moja kwa mwalimu nyuma ya msikiti. Aliporudi akasema mwalimu hasomi siku hiyohiyo. Kwanza mtaa utangaziwe, mwizi apewe wiki nzima ya kurudisha, na atakaporudisha asiulizwe wala asitafutwe. Asiporudisha, tuje Jumamosi ijayo baada ya alasiri, mwenye mali atamke mwenyewe alichoibiwa, kimoja kimoja.

Tangazo likapita, na blanketi likatajwa humo. Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kimya. Jumatano asubuhi nikafungua mlango wa uani, na pale kwenye jiwe la kufulia palikuwa na furushi. Kanga yangu. Ndani yake nepi nane na gauni, vimefuliwa, vimekunjwa. Nepi mbili zilikuwa zimefumuka pindo siku nyingi nami sikuwahi kuzishona. Zilikuwa zimeshonwa, kwa uzi wa buluu, mishono midogo ya mtu anayejua.

Nilichuchumaa nikazitazama. Sikulia, mimi si mtu wa kulia. Nikafikiri, basi, yameisha.

Muuza viazi akaja nyuma yangu na karai lake. Akahesabu kwa macho. "Nepi zimerudi," akasema. "Blanketi je?"

Nikaanza kuzikunja upya.

"Aa! Mjanja huyo! Anarudisha vitambaa ili tumwonee huruma, kumbe blanketi amejifunika. Huyu sasa ndiye wa kusomewa kabisa!" Na kufikia adhuhuri mtaa wote ulikuwa ukisema hivyo. Hata waliokuwa wakimtetea waligeuka. Mwizi wa nepi walimsamehe. Wa blanketi hawakuweza. Huyo wa blanketi nilimzaa mimi.

Mama mwenye nyumba peke yake hakujiunga nao. Jioni aliniletea uji wa mtoto.

"Mwanangu," akasema, "wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini jambo hili nimezaliwa ndani yake. Kisomo kile ukimwelekezea asiye na hatia, hakipotei njiani. Humrudia aliyeomba. Na akiwa ni mama, hakianzi na yeye."

Sijui kama alijua. Alimfuta mtoto mdomo akaenda zake.

Alhamisi mtoto akapata homa. Meno tu, mtu mwingine angesema, na mimi niliyesoma sayansi mpaka kidato cha nne ningesema vilevile. Lakini jaribu kumshika mtoto wako anavyochemka, huku unajua kwamba Jumamosi utaketi mbele ya mwalimu na kulitaja blanketi ambalo hakuna aliyeliiba. Sayansi haikukaa na mimi. Nilikuwa na njia mbili. Nitaje uongo ule, niwaangushie kisomo mama wa watu na mtoto wake, na wangu pia. Au niseme ukweli, nifunge vitu vyangu niende Kakuyuni kwenye nyumba inayovuja.

Jumamosi mume wangu alipofika nilijaribu njia ya tatu. Nilimwonyesha furushi. "Tazama, amerudisha. Hata ameshona. Basi tumwache."

"Na blanketi?"

"Ni blanketi tu, baba mtoto. Pengine ana mgonjwa."

Alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Wewe? Wewe uliyetaka avimbe tumbo? Umeokoka lini?"

"Amerudisha vyote."

"Vyako amerudisha. Changu hajarudisha. Vaa, twende."

Nikavaa. Mtoto nilimfunga kifuani, bado ana moto. Mwalimu alitupokea kwenye baraza ya madrasa. Mtu wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Chetezo cha ubani kilikuwa na makaa tayari. Kitabu kilikuwa juu ya marufaa, kibao chake cha kusomea, kimefunikwa kitambaa cha kijani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibuni, ketini. Mtoto hajambo?"

"Ana homa kidogo."

"Mwenyezi Mungu atampa afya." Kisha akaniangalia mimi, si mume wangu. "Haya, mama. Umeibiwa wewe. Taja. Na kila ukitajacho, kiwe kimeibwa kweli."

"Nepi nane," nikasema. "Zimerudi."

"Hizo zimekwisha. Endelea."

"Gauni la mtoto na kanga. Vimerudi."

"Endelea."

Mtoto alikuwa akipumua juu ya shingo yangu, pumzi ya moto, haraka haraka.

"Na blanketi," mume wangu akasema. "Sema. La kijivu, lenye mistari."

"Blanketi halikuibwa," nikasema.

"Ati nini?"

"Halikuibwa. Nilimpa mama. Alikuwa anakohoa, nikamtilia kikapuni, na wewe uliponiuliza nikasema mwizi." Yote yalitoka kwa pumzi moja, kwa sauti ya ukali, kama ninayemgombeza yeye. Ndivyo nilivyo; hata kutubu natubu kwa ugomvi.

Nje watoto wa madrasa walikuwa wakipiga danadana. Niliona mshipa wa shingo ya mume wangu ukicheza, nikaanza kupanga kichwani vitu gani nitabeba.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa. "Bwana," akamwambia mume wangu, taratibu sana, "ulikuja kwangu wiki iliyopita na hasira, ukataka mwizi wa blanketi asomewe. Nikakwambia ngoja. Leo mwizi amepatikana, amekiri mwenyewe, mashahidi ni wewe na mimi. Mali ni yako. Nisome?"

Aliuliza bila kutabasamu. Mkono wake ulikuwa umeshika kile kitambaa cha kijani.

Mume wangu akainua mkono. "Mwalimu, huyu ni mke wangu."

"Na yule wa nepi ni mke wa mtu."

Mume wangu alinitazama, akamtazama mtoto, akatazama makaa. Kisha akasema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, ndogo: "Funga kitabu, mwalimu."

"Sijakifungua," mwalimu akasema, akamwaga maji juu ya makaa.

Mume wangu ndiye aliyenifungua kanga akamchukua mtoto, akambeba yeye, barabarani, mchana, wanaume wenziwe wanamwona. Tulitembea mpaka karibu na soko. Nilijiona mwepesi kama mtu aliyetoka kuugua, kila kitu kina rangi, hata matope.

"Mama anakohoa bado?" akauliza.

"Kidogo. Si kama mwanzo."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali. Hatua kumi hivi. "Halafu ningempa."

"Uongo!"

"Wewe ndiye unayemwita mtu mwongo leo?" Akacheka, nami nikacheka, mpaka mtoto akafungua macho kutushangaa.

Yule wa nepi sikumjua, na sijamjua mpaka leo. Kwa miezi nilikuwa nikitazama nepi za watoto wa watu nikitafuta uzi wa buluu, si kwa ubaya tena, ila nilitaka nimjue. Ningeanza kwa kumtukana, hilo lazima, vibanio vile havijanitoka. Halafu ningempa nne kati ya zile nane.

Tulipofika kwenye kona yetu muuza viazi alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Alituona akaacha karai likichemka, macho yamemtoka. "Enhe! Imesomwa? Mwizi ameanza kuvimba?"

"Ameanza," mume wangu akasema, akinivutia kigoda. "Mpe viazi vya kutosha, na pilipili. Utamwona mwenyewe."

Muuza viazi akamtazama yeye, akanitazama mimi, hakuelewa kitu. Nilikuwa sijala tangu Alhamisi. Nilimaliza sahani ya kwanza kabla hajanipa chumvi.